Nambari Tasa Iliyozaa

Waliotia elimu ya hesabu katika Kiswahili, walipofika kwa aina moja ya nambari, waliiita "nambari tasa". Neno hili ni zito, ndugu msomaji. Kwetu sisi tasa ni mwanamke asiyejaaliwa mtoto, au mnyama asiyeongeza zizi, na mwenye kuitwa hivyo haitwi kwa heshima. Waarabu, ambao elimu hii ilikaa mikononi mwao karne nyingi, waliiita nambari ya namna hiyo "awwali", yaani ya mwanzo, ile ambayo haikuundwa na nyingine. Jina moja latazama kizazi, la pili latazama asili. Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya nambari moja tu ya ukoo huo, nayo ni 2,147,483,647, ili tuone katika majina haya mawili ni lipi linaloistahiki.

Kwanza tufahamiane maana. Kwa sisi watunga mashairi jambo hili si geni. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nao hukatwa nusu kwa nusu, nane huku na nane huku. Na ukitaka utaukata vipande vinne vya mizani minne minne. Mshororo wa mizani 15 hukatika mara tatu kwa mitano. Lakini mtu akikuletea mshororo wa mizani 17, ukate upendavyo, vipande havitakuwa sawa, ila ukiusambaratisha mizani mmoja mmoja. Hiyo 17 ndiyo tasa. Ndugu zake wa karibu ni 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Nambari nyingine zote kutoka mbili kwenda juu hujengwa kwa hizi, kama nyumba ijengwavyo kwa mawe: 12 ni mbili mara mbili mara tatu, wala huwezi kuijenga kwa mawe mengine.

Wasomi wa mirathi nao walikutana na jambo hili zamani, hata kama hawakulitia jina. Mtu amekufa, ameacha mke na wana wa kiume watano. Mke hupata thumuni, na mafungu saba yaliyobaki ni ya wana. Lakini saba haigawanyiki kwa watano. Mwalimu wa faraidhi hufanya nini? Huzidisha ule msingi wa nane kwa watano, ukawa 40. Mke akapata matano, na kila mwana akapata saba kamili. Watoto wa vyuoni hufundishwa hivyo kama kanuni. Sababu ya kanuni ni kwamba tano na saba ni tasa, hazina kigawanyo chochote cha kushirikiana ila moja.

Sasa twende kwenye nambari yetu. Mwanahistoria Ibn Khallikan, wa karne ya 13, amesimulia kisa cha mtu aliyebuni mchezo wa sataranji. Mfalme alipomwambia achague zawadi, aliomba punje moja ya ngano katika nyumba ya kwanza ya ubao, mbili katika ya pili, nne katika ya tatu, na kuendelea vivyo hivyo kwa kurudufu mpaka nyumba ya 64. Mfalme akacheka, akidhani ameombwa kitu duni. Sisi tuweke mchele badala ya ngano, na kila tufikapo nyumba mpya tujumlishe punje zote zilizokwisha wekwa. Nyumba ya kwanza, jumla ni 1. Ya pili, 3. Ya tatu, 7. Ya nne, 15. Ya tano, 31. Ya sita, 63. Ya saba, 127.

Zitazame jumla hizi vizuri. Kwenye nyumba ya 2, ya 3, ya 5 na ya 7, jumla ni tasa. Kwenye ya 4 na ya 6 si tasa. Mtu mwepesi atasema, "Nimeipata siri: nyumba ikiwa tasa, na jumla yake ni tasa." Amekosea. Nyumba ya 11 ni tasa, lakini jumla yake, 2,047, ni 23 mara 89. Kweli ni hii: nyumba isipokuwa tasa, jumla yake haiwezi kuwa tasa kamwe, na ikiwa tasa, huenda jumla ikawa na huenda isiwe. Hakuna njia ila kuipima.

Ukifika nyumba ya 31, jumla ya punje ni 2,147,483,647. Tukikadiria punje 40 kwa gramu moja, huo ni mchele wa tani 53, karibu magunia 600 ya kilo tisini, na bado hatujafika nusu ya ubao. Na rundo hilo lote, uligawe kwa watu wawili, au saba, au elfu kumi na tatu, au idadi yoyote uitakayo, halitagawanyika sawa bila baki, ila umpe kila mtu punje moja. Songa nyumba moja tu mbele, ya 32, na rundo jipya la punje 4,294,967,295 linavunjika vipande kwa urahisi wa kushangaza: ni 3 mara 5 mara 17 mara 257 mara 65,537.

Je, hiyo 2,147,483,647 imezaa nini? Euclid, Myunani wa Alexandria aliyeishi yapata miaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alionyesha hivi. Jumla ya punje ikitokea kuwa tasa, izidishe kwa idadi ya punje zilizomo katika ile nyumba ya mwisho peke yake. Utapata nambari timilifu, yaani nambari ambayo vigawanyo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe, vikijumlishwa, huirudisha ile ile. Nyumba ya pili: jumla 3, punje 2, yapatikana 6, na 6 ni 1 na 2 na 3. Nyumba ya tatu: 7 mara 4 ni 28, na 28 ni 1 na 2 na 4 na 7 na 14. Kila aliyepita chuoni anaijua 28, kwa kuwa ndiyo idadi ya herufi alizofinyiwa masikio kwazo, na mabaharia wa zamani waliijua kuwa ni hesabu ya manazili ya mwezi. Nyumba ya tano huzaa 496, na ya saba huzaa 8,128. Nyumba ya 31 huzaa 2,305,843,008,139,952,128, nayo ni timilifu ya nane katika safu yake. Basi huyu tunayemwita tasa ana mtoto, na mtoto mwenyewe hana upungufu wala ziada.

Hapa yafaa nitahadharishe. Pwani yetu haikosi watu ambao wakisikia nambari hufikiria mraba wa hirizi na hesabu ya abjadi. Mambo hayo ni ya zamani. Thabit bin Qurra, Msabii wa Harran aliyefanya kazi Baghdad na kufariki mwaka 901, alitoa kanuni ya kupata jozi za nambari zinazopendana, ambazo vigawanyo vya moja vikijumlishwa hutoa ya pili, na vya pili hutoa ya kwanza, kama 220 na 284. Kanuni yake husimama juu ya nambari tasa. Baadaye jozi hiyo ikaingizwa katika talasimu za mapenzi, hata Ibn Khaldun akalitaja jambo hilo katika Mukadima yake. Lakini kazi ya Thabit ilikuwa uthibitisho, hatua baada ya hatua, na uthibitisho hauhitaji ubani.

Vivyo hivyo Ibn al-Haitham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Misri yapata mwaka 1040. Wengi wetu twamjua kwa elimu ya macho na mwanga. Wachache wajua kwamba alishughulika pia na fumbo hili: tafuta nambari ambayo ukiigawa kwa 2, 3, 4, 5 au 6 hubaki moja, na ukiigawa kwa 7 haibaki kitu. Alijibu hivi: zidisha 1 mara 2 mara 3 mara 4 mara 5 mara 6, upate 720, kisha ongeza moja. Yapatikana 721, nayo ni 7 mara 103. Akaeleza kwamba hilo ndilo tabia ya kila nambari tasa: zidisha zote zilizo chini yake, ongeza moja, na itagawanyika kwayo bila baki. Nambari isiyokuwa tasa haina sifa hiyo. Kwa hiyo lau mtu angezidisha nambari zote kutoka 1 mpaka 2,147,483,646, kisha akaongeza moja, jawabu lingegawanyika kwa nambari yetu sawasawa. Ulaya kanuni hiyo ilipewa jina la Mwingereza Wilson, na uthibitisho ukatolewa na Lagrange katika miaka ya 1770.

Huyo huyo Ibn al-Haitham alijaribu kuonyesha kwamba kila nambari timilifu iliyo shufwa hutokana na kanuni ya Euclid, wala hakuna mlango mwingine. Hakuikamilisha hoja. Aliyeikamilisha, miaka mia saba baadaye, ni Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel aliyeishi na kufa St. Petersburg. Na Euler ndiye aliyeipa nambari yetu hati yake.

Kabla yake ilikuwa ikiishi kwa dhana. Mtaliano Pietro Cataldi alidai kwamba jumla za nyumba ya 23, 29, 31 na 37 zote ni tasa. Mwaka 1640 Mfaransa Fermat akaivunja ya 23, ambayo ni 47 mara 178,481, na akaivunja ya 37 pia. Mwaka 1738 Euler akaivunja ya 29, ambayo ni 233 mara 1,103 mara 2,089. Ikabaki ya 31 peke yake, haijavunjwa wala haijathibitishwa. Cataldi alisema kweli juu yake, lakini mbele ya kadhi mwenye kudai hutakiwa ushahidi, na yeye hakuwa nao.

Ushahidi ulikuja mwaka 1772 katika barua ya Euler kwa Bernoulli. Tangu mwaka 1766 macho yake yalikuwa yamekaribia kuzima kabisa. Hesabu alizifanya kichwani na wengine wakamwandikia. Jambo hili halitawashangaza watu waliopata kumsikia hafidhi kipofu akisoma juzuu baada ya juzuu bila kuteleza. Njia aliyoifuata ni hii. Ili kuhakikisha kwamba nambari hii haina kigawanyo, yatosha kujaribu nambari tasa zisizozidi 46,340, kwani ingekuwa na vigawanyo viwili, kimoja lazima kiwe chini ya hapo. Hata hivyo nambari tasa zilizo chini ya kiwango hicho ni takriban 4,800. Euler akaonyesha kwamba kigawanyo chochote cha nambari hii, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakishe 1 au 63. Kwa sharti hilo zikabaki nambari zisizozidi 372 za kujaribiwa. Zote zikajaribiwa, na hakuna hata moja iliyoingia.

Nilipomweleza haya mzee mmoja wa barazani kwetu, mtu wa bao na kahawa, alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, hiyo yaniongezea nini kikapuni?" Sikumlaumu. Swali lake limepata kuulizwa na msomi mwenyewe wa fani hii. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliitaja katika kitabu chake ile nambari timilifu iliyozaliwa na nambari ya Euler, akasema kwamba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazopata kugunduliwa. Kwa kuwa vitu hivi ni vya kustaajabia tu na havina manufaa, hatatokea mtu wa kujisumbua kutafuta vya mbele yake.

Barlow alikosea mara mbili. Kosa la kwanza ni juu ya watu. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwa mkono kwamba jumla ya nyumba ya 127 (kama ubao ungekuwa na nyumba nyingi hivyo) ni tasa, nayo ina tarakimu 39. Njia yake, iliyosafishwa baadaye na Mmarekani Lehmer, mtoto wa shule aweza kuifuata. Tuipime 31, jumla ya nyumba ya tano. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe na utoe 2: yapatikana 14. Fanya tena: 14 mara 14 ni 196, toa 2, ni 194; igawe kwa 31, hubaki 8. Fanya tena: 8 mara 8 ni 64, toa 2, ni 62, igawe kwa 31, haibaki kitu. Sifuri hiyo ndiyo hati ya kuwa 31 ni tasa. Idadi ya hatua ni namba ya nyumba ukitoa mbili. Basi kazi ya Euler yamalizika kwa hatua 29. Kwa njia za namna hii, na kwa mashine, watu wameendelea mpaka Oktoba 2024, ilipotangazwa kwamba Mmarekani Luke Durant amepata kuwa jumla ya nyumba ya 136,279,841 ni tasa. Nambari hiyo ina tarakimu 41,024,320. Ukiichapa tarakimu elfu tano kwa ukurasa, utahitaji kurasa zaidi ya 8,200.

Kosa la pili la Barlow ni juu ya manufaa. Mwaka 1977 wataalamu watatu, Rivest, Shamir na Adleman, walibuni namna ya kufunga siri kwa kuzidisha nambari mbili tasa kubwa. Kuzizidisha ni kazi ya nukta moja; kuzitenganisha tena, zikiwa na mamia ya tarakimu, hapana ajuaye njia ya haraka kwa mashine za kawaida. Juu ya ugumu huo zimefungwa siri za mabenki na barua nyingi zipitazo mitamboni.

Na nambari yetu yenyewe ikapata ajira. Wenye kompyuta mara nyingi huhitaji nambari zilizochanganywa kama karata, wajaribu mambo ya hali ya hewa, au ya foleni, au ya biashara. Mwaka 1969 watu wa IBM walitumia kanuni hii, na mwaka 1988 Park na Miller wakaipendekeza kuwa kipimo cha chini: chukua nambari, izidishe kwa 16,807, igawe kwa 2,147,483,647, na baki ndiyo nambari yako mpya, kisha rudia. Ukianza na 1, zafuata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073. Kwa kuwa nambari yetu ni tasa, na kwa kuwa 16,807, ambayo ni 7 iliyozidishwa kwa yenyewe mara tano, inalingana nayo kwa namna maalumu, mzunguko huo hupita kwenye kila nambari kutoka 1 mpaka 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, ndipo urudi ulipoanzia. Ni tasbihi ya punje zaidi ya bilioni mbili, ambayo hakuna punje inayorukwa wala inayovutwa mara mbili.

Yapo na mengine ambayo hayatokani na utasa wake bali na kujaa kwake. Kompyuta nyingi zilitengewa nafasi 32 za kuhesabia, moja ya kuonyesha kuzidi au kupungua, na 31 za hesabu yenyewe. Nafasi hizo 31 zikijaa zote, imetimia 2,147,483,647. Ongeza moja, na mashine hugeuka ikasoma chini ya sifuri. Mwaka 2014 wimbo mmoja wa Korea Kusini ulitazamwa katika YouTube kupita idadi hii, wenye mtandao wakatangaza kwamba wamepanua kihesabio. Mwaka 2015 wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani walitoa amri juu ya ndege za Boeing 787: zikiachwa na umeme siku 248 mfululizo, kihesabio cha programu kingejaa na jenereta zikaweza kuzimika zote pamoja.

Na saa za mashine nyingi huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970. Sekunde ya 2,147,483,647 itatimia Januari 19, 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Kwa makadirio ya kalenda, siku hiyo itaangukia Mfungo Tatu, siku chache baada ya Idi Kubwa. Mashine za zamani ambazo hazijapanuliwa, sekunde itakayofuata, zitadhani kwamba ni Desemba 13, 1901. Mashine mpya zimekwisha tengewa nafasi 64, lakini za zamani zilizofichwa ndani ya mitambo bado zahitaji kutafutwa moja moja.

Kwa hiyo mzee wangu wa barazani nilimjibu hivi: Euler hakujua kompyuta, na Ibn al-Haitham hakujua benki ya mtandao. Waliuliza swali kwa kuwa lilikuwa swali, wakalifuata mpaka penye ushahidi. Sisi twapenda kutaja majina ya mabingwa wa Basra na Baghdad katika hotuba, tukajipongeza. Kisha mtoto wetu akiuliza kwa nini 2,047 imevunjika na 127 haikuvunjika, twamwambia aache upuuzi afuate masomo yenye mshahara. Kwa maoni yangu, anayestahiki kuitwa tasa ni huyo anayemnyamazisha mtoto, si nambari. Nambari hii mimi nitaiita awwali.

Basi jioni ya leo, kahawa ikishamiminwa, watupieni vijana lile fumbo la Ibn al-Haitham: ukiigawa kwa 2, 3, 4, 5 au 6 hubaki moja, ukiigawa kwa 7 haibaki kitu. Jawabu 721 nimekwisha kulitoa. Lakini ipo nambari nyingine ndogo kuliko hiyo yenye sifa zile zile, nayo haifiki mia nne. Hiyo nawaachieni.